Barafu za machungwa zenye kileo si za kila mgeni

Kuna mwanafunzi mmoja wa chuo, mkazi wa chumba cha kupanga, aliyenilalamikia kwamba barafu zake za machungwa zimekataa katakata kuganda. Alikamua machungwa yake vizuri, akatia sukari, kisha kwa kuwa wenzake walikuwa waje kumtembelea Jumamosi, akamimina pombe tamu kadiri macho yake yalivyopenda. Siku mbili zikapita na bado alikuwa akichota uji. Anauliza kama friji yake imeharibika.

Friji haina makosa, ndugu yangu. Mwenye makosa ni mkono uliomimina.

Maji huganda yanapofika nyuzi 0 za Selsiasi, lakini kileo kitupu hakigandi mpaka nyuzi 114 chini ya sufuri, baridi ambayo hakuna friji ya nyumbani inayoweza kuifikia. Ukikichanganya na maji ya matunda, kila tone huyavuta yale maji yasigande upesi. Sukari nayo hufanya vivyo hivyo, ijapo kwa upole zaidi. Basi mwenye kutia vyote viwili kwa wingi asishangae akipata uji.

Tena friji zenyewe hazilingani. Tazama mlango wa kile chumba cha kugandishia, utaona vinyota vilivyochorwa. Nyota moja maana yake ni nyuzi 6 chini ya sufuri, mbili ni 12, na tatu ni 18. Zile friji ndogo ambazo wanafunzi wengi hununua kwa mtu anayehama aghalabu huwa na nyota moja, na nyingine hazina hata hiyo. Kama yako ni ya namna hiyo, punguza kileo nitakachokitaja hapa chini kiwe nusu, au ukiache kabisa. Hutakosa ladha, kwani katika barafu hizi kazi kubwa inafanywa na maganda.

Haya, tuingie jikoni. Tafuta machungwa manane ya wastani yenye maji mengi, yaani yale mazito mkononi. Rangi isikudanganye, kwani chungwa la kwetu laweza kuwa kijani kibichi nje ilhali ndani ni asali. Ongeza ndimu mbili. Ukipata chenza, changanya nusu kwa nusu, utanishukuru. Madanzi yana harufu nzuri mno lakini maji yake ni machungu, kwa hiyo tumia ganda la danzi moja tu.

Osha machungwa mawili kwa maji ya moto, kisha menya ganda la juu jembamba kwa kisu kikali. Ule utando mweupe uuache kwenye tunda, maana ndio unaoleta uchungu. Weka maganda hayo katika sufuria pamoja na gramu 100 za sukari na nusu kikombe cha maji. Chemsha polepole mpaka sukari iyeyuke yote, kisha epua, funika, uache ipoe kabisa. Usiharakishe hapa. Mafuta yaliyo ndani ya ganda ndiyo yenye harufu, nayo hutoka taratibu. Wakati huo kamua machungwa na ndimu, uchuje mbegu. Utapata zaidi kidogo ya nusu lita.

Changanya maji ya matunda na ile sharubati iliyochujwa, uonje. Yawe matamu kupita kiasi unachopenda kunywa, kwani ulimi uliopozwa na barafu hauhisi utamu sawasawa. Wengi hukosea hapa, wakapata barafu chachu isiyo na maana.

Sasa ndipo kinapoingia kileo, kwa yule anayekitumia. Kuna vileo vitamu vinavyotengenezwa kwa maganda ya machungwa, na wauzaji huviita likeri. Kinachojulikana sana ni Cointreau, cha kiwanda kilichoanzishwa na ndugu wawili wa ukoo huo katika mji wa Angers nchini Ufaransa mwaka 1849, na nguvu yake ni asilimia 40. Ni ghali, wala sikushauri ununue chupa nzima kwa ajili ya barafu. Vipo vya bei nafuu vya namna hiyo hiyo madukani. Soma tu nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya chupa. Vijiko vinne vya mezani, yaani mililita 60, vinatosha kwa mchanganyiko wote, na vitiwe wakati sharubati imepoa, la sivyo harufu itapaa na mvuke. Utapata barafu kumi hivi. Kileo kilicho ndani ya zote kumi kinazidi kidogo tu kile cha chupa moja ya nusu lita ya bia ya asilimia 4. Kwa hiyo hakuna atakayelewa kwa barafu moja.

Lakini kulewa si jambo pekee, na hapa lazima nikueleze yaliyonipata.

Miaka kadhaa iliyopita, Jumapili moja ya Februari, joto lilikuwa limetuchosha na nyumba ilikuwa imejaa wageni. Dada yangu alikuja na mumewe. Shemeji huyu alikuwa ameacha pombe kwa mwaka mmoja na miezi minne, na ninaijua hesabu hiyo kwa sababu dada alikuwa akiihesabu kwa vidole. Nilikuwa nimetengeneza barafu hizi, nyingine za watoto, nyingine za watu wazima, zote za vijiti, zote rangi moja. Nikazitoa katika sinia mbili. Mtu mmoja, sijui nani mpaka leo, akaziunganisha katika sinia moja ili ajipatie nafasi mezani.

Shemeji akachukua moja, akaiuma. Nikamwona ametulia, hatafuni wala hamezi. Akaitema katika kiganja chake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, umetia nini humu?"

Nikamwambia. Akasema, "Ungeniambia tu." Akatoka nje, akasimama langoni kwa muda mrefu, dada yangu akinitazama bila kusema neno. Aliporudi aliomba maji ya kunywa, na jioni ile wakaondoka mapema. Nililala vibaya usiku huo. Niliogopa kwamba nimevunja kwa kijiko kimoja kile ambacho watu wawili walikijenga kwa miezi kumi na sita. Sikukivunja, lakini shukrani si yangu, ni yake yeye aliyetema.

Mezani siku hiyo kulikuwa pia na jirani yetu Mwislamu na wanawe. Kwa bahati walikuwa hawajanyoosha mkono. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo inakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, lakini sheria haikai jikoni kwako kupanga sinia. Na kuna wajawazito, kuna wanaomeza dawa zisizopatana na kileo, kuna dereva wa kurudi nyumbani. Hawa wote hawapaswi kuanza kujieleza mbele ya watu ndipo wapewe barafu nyingine.

Tangu siku hiyo nimebadili umbo. Barafu zisizo na kileo hutiwa vijiti, na zenye kileo hugandishwa katika vikombe vidogo na kuliwa kwa kijiko. Watoto wangu wanajua kwamba iliyo na kijiti ni ya kila mtu, na isiyo na kijiti haiguswi. Isitoshe, barafu yenye kileo huwa laini daima, na ukiitia kijiti itakuangukia kwenye nguo. Vikombe hivyo vina rafu yake ya juu katika friji, na mgeni huambiwa kabla, si baada ya kuonja.

Kwa zile za vijiti, vikombe tupu vya maziwa ya mtindi vinafaa sana. Acha nafasi juu, kwani maji hutanuka yanapoganda. Baada ya saa moja na nusu, mchanganyiko unapoanza kuwa mzito, ndipo uchomeke kijiti. Ukikitia mapema kitalala upande. Ziache usiku kucha, na uzifunike zisije zikanuka samaki. Kuzitoa, chovya kikombe katika maji ya vuguvugu kwa sekunde chache. Stima ikipotea, usifungue mlango wa friji kila dakika kuchungulia.

Krismasi iliyopita shemeji alikula tatu za vijiti, akaagiza safari nyingine zitengenezwe za ukwaju.

Na wewe mwanafunzi, uji wako usiumwage. Upime kwa kikombe, uongeze maji ya machungwa kiasi hicho hicho bila sukari, kisha uurudishe kwenye baridi usiku mmoja. Usipoganda, ongeza tena. Wala usitie vijiti.