Mkubwa Naye Hukosea Hesabu



Juzi mwanangu alirudi shule kimya. Tulipomaliza kula ndipo akasema: mwalimu alikosea hesabu ubaoni, yeye akaliona kosa, akanyamaza. "Mama, si umetufundisha mkubwa hakosolewi?"

Nikakosa la kujibu. Ni kweli nilimfundisha hivyo, kama nilivyofundishwa mimi Tanga. Nikachukua daftari lake, nikaandika: 4,294,967,297.

Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat, mwanasheria na bingwa wa namba, alizipanga namba hivi. Anza na 3. Toa 1, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha ongeza 1. Unapata 5. Rudia: 17. Tena: 257, halafu 65,537. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat akaamini zinazofuata nazo ni tasa, ingawa hakuwa na uthibitisho. Ya sita ndiyo hiyo niliyoiandika, bilioni nne na ushei.

Ikapita miaka zaidi ya 90. Leonhard Euler alikuwa kijana wa Uswisi aliyehama kwao Basel mwaka 1727 kwenda kufanya kazi Saint Petersburg, Urusi. Mgeni kama sisi. Mwaka 1732, akiwa na miaka 25, alionyesha kwamba namba ile inagawanyika kwa 641.

Hakubahatisha. Baadaye alieleza: kigawanyo tasa chochote cha namba hiyo, ukikitoa 1, lazima kinachobaki kigawanyike kwa 64. Namba tasa za kwanza za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Majaribio matano tu!

Mwanangu akataka kuhakikisha mwenyewe. Akazidisha 6,700,417:

kwa 600 = 4,020,250,200
kwa 40 = 268,016,680
kwa 1 = 6,700,417

Akajumlisha. Ikatoka 4,294,967,297. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Nikamwambia: Fermat alibaki bingwa, na Euler hakumvunjia heshima. Alionyesha hesabu tu. Kesho mwambie mwalimu, "Samahani, naomba unieleze mstari huu." Hiyo nayo ni adabu.

Wazazi wenzangu, tuliwafunza watoto kunyamaza mbele ya wakubwa, na huku ugenini shule inawataka waseme. Tusiwaache wachague kati yetu na shule. Tuwafunze namna ya kusema. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Kazi ya wiki hii mezani: toeni 1 kwenye 6,700,417, kisha gawanyeni kwa 64. Je, kuna baki?