Huo Mstari Mweupe Shavuni

Nimechoka kusikia kwamba doa ni sanaa. Kijana anatoka Dar es Salaam na kamera kubwa ya mivukuto, anashuka Picha ya Ndege, anasimamisha stendi yake chini ya mwembe kando ya barabara ya Morogoro, anawapiga watu picha kwa filamu ya papo hapo. Picha inatoka na kona isiyoshika rangi, au mstari mweupe umekatiza uso wa mtu. Ukimuuliza, anakwambia hiyo ndiyo ladha yenyewe, kitu ambacho simu haiwezi kukupa. Ukimbana zaidi, anasingizia joto la Kibaha.

Joto! Fujifilm wanasema Instax itumike kati ya nyuzi 5 na 40. Kivuli cha mwembe kimo ndani ya hapo, ila buti la gari lililoegeshwa juani tangu asubuhi halimo. Basi aseme aliiacha filamu kwenye buti, asiutukane mji.

Tangu Fujifilm waache kutengeneza FP-100C mwaka 2016, filamu ya kubandua imekuwa kitu cha kuwinda, na wengi wetu tumehamia Instax Wide, hasa baada ya Lomography kutoa, mwaka 2020, mgongo wa kuivalisha kwenye kamera za inchi 4 kwa 5. Kila karatasi ina kifuko cha dawa ukingoni. Ikitoka, inapita katikati ya rola mbili zinazokipasua kifuko na kuitandaza dawa kama siagi kwenye mkate. Ukishaelewa hilo, picha yenyewe inaanza kukusemesha. Kidoa kinachojirudia kwa umbali uleule, tena na tena, ni uchafu ulioganda kwenye rola: kila ikizunguka inapiga muhuri. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinamaliza kazi. Kona iliyobaki tupu ni dawa ambayo haikufika, kwa hiyo tazama rola, tazama betri, na uache kuivuta karatasi kwa pupa kabla haijatoka yenyewe. Mstari wa mwanga unaoanzia ukingoni mara nyingi umepenya pale bamba jeusi la kuzuia mwanga linapochomolewa; fanya kazi hiyo mgongo wa kamera ukiwa umefunikwa kitambaa. Ukungu uliotanda picha nzima? Shuku mivukuto. Usiku, zima taa zote, ingiza tochi ndani yake, na kila tundu litawaka kama nyota. Na kama kila kitu kimefifia ingawa ulilenga vizuri, kumbuka kwamba filamu kwenye mgongo huo inakaa nyuma zaidi ya kioo cha kulengea. Kipo kipande cha kufidia tofauti hiyo, nacho hakikuwekwa kwa ajili ya mapambo.

Sasa mtaniambia haya ni mambo ya fundi, si ya msanii. Mwaka jana bibi mmoja anayeuza mihogo jirani na ninapofanyia kazi aliniletea picha aliyopigwa na mgeni wa namna hiyo. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Hebu mjukuu wangu, huyu aliyenipasua shavu ni nani?" Mstari ulishuka toka kwenye kilemba hadi kidevuni. Aliniambia hana picha nyingine ya utu uzima wake zaidi ya ile ya kitambulisho. Mpiga picha alipiga karatasi mbili: nzuri akaondoka nayo, yenye mstari akamwachia mwenye uso. Hapo ndipo hoja ya "ladha" inaponitia kichefuchefu. Karatasi ni ghali, najua, kwa hiyo mtu anatafuta maneno matamu ya kumpa mwingine hasara yake.

Kuna doa jingine wanalolitetea kwa sauti ya chini: sura nyeusi tii, macho na meno tu, nyuma ukuta mweupe umetoka safi. "Ngozi zetu ni ngumu kwa filamu," wanasema. Maneno hayo yana historia. Kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye mwanamke mzungu, iliyoitwa Shirley. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada ameeleza kwamba waliosukuma filamu iboreshwe kwa rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa fenicha na chokoleti. Nyuso zetu zilisubiri nyuma ya kabati. Leo kijana wa hapahapa anapima mwanga kwa kuelekeza kipimo ukutani, uso unazama gizani, naye anarudia kisingizio kilekile. Kipimo kisogeze usoni pa mtu, basi.

Pima na shata pia. Filamu hii ni ISO 800. Jua la saa sita hapa Pwani, hata ukibana lenzi hadi f/45, linataka karibu 1/100 ya sekunde, na shata ya lenzi kuukuu iliyoandikwa 1/100 inaweza kuburuta miguu hadi 1/50. Instax hairuhusu kosa la ukubwa huo: shati linaungua, paji la uso linafuata.

Karatasi ya kwanza ya kila pakiti naipiga ukuta wa chokaa wa jirani yangu fundi cherehani, mchana kweupe, nikakagua rola, kona na kingo. Zinabaki tisa, na ya pili anapewa anayeketi kitini.