Sikukuu za Marekani: Nani Alizianzisha?

Kalenda ya serikali ya Marekani ina sikukuu 11 kwa mwaka. Mtu akiitazama aweza kudhani kwamba wakubwa walikaa mezani, wakachagua siku, wakawaamuru watu washerehekee. La, sivyo. Nyingi zilianzwa na watu wenyewe, na serikali ikafuata nyuma.

Mwaka Mpya tuupite, maana huo ni wa wote. Jumatatu ya tatu ya Januari humkumbuka Martin Luther King, mchungaji mweusi aliyeuawa kwa risasi mwaka 1968. Mjane wake Coretta na wenzake waliidai siku hiyo miaka 15, hata sheria ikatiwa sahihi mwaka 1983.

Mwezi wa Mei kuna Siku ya Mama. Hii haimo katika zile 11, nayo huangukia Jumapili, lakini habari yake yafaa muijue. Bibi Anna Jarvis alifiwa na mama yake mwaka 1905. Mwaka 1908 alipeleka maua meupe 500 katika kanisa la Grafton, jimbo la West Virginia, ambako marehemu alikuwa akifundisha watoto, ikafanywa ibada ya kuwaheshimu akina mama. Kisha akawaandikia wakubwa barua bila kuchoka, mpaka mwaka 1914 Rais Wilson akaitangaza kwa nchi nzima. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Wauza maua walipandisha bei, na wenye viwanda wakauza kadi zenye maneno yaliyokwisha pigwa chapa. Anna alikasirika mno. Kwa maoni yake mtoto mwenye adabu humwandikia mamaye barua kwa mkono wake mwenyewe, hanunui maneno dukani. Nami naona alikuwa na haki, ingawa ukali wake ulimponza: alipigana na biashara hiyo hata fedha zikamwishia, akafa mwaka 1948 katika nyumba ya wagonjwa, hana mume wala mtoto.

Tarehe 19 Juni ni siku ya watu weusi waliokuwa watumwa. Rais Lincoln alitangaza tangu 1 Januari 1863 kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi wako huru. Lakini tangazo ni karatasi. Huko Texas mabwana hawakulijali, wala hapakuwa na askari wa kuwalazimisha. Mpaka Jenerali Granger alipofika mji wa Galveston na majeshi yake, tarehe 19 Juni 1865, ndipo amri ilipotangazwa huko. Miaka miwili u nusu! Fikirini mama anayechuma pamba ya bwana wake bure siku zote hizo, kumbe kwa sheria ni mtu huru. Mwaka 1866 watu hao walianza kuikumbuka siku yao kwa sala na karamu. Serikali kuu iliifanya sikukuu ya taifa mwaka 2021.

Siku ya Uhuru, tarehe 4 Julai, yajulikana sana: ni ya mwaka 1776, nayo ina fataki nyingi. Septemba ni ya wafanyakazi. Wale wa New York waliandamana mwaka 1882, na sheria ikaja mwaka 1894.

Alhamisi ya nne ya Novemba ni Siku ya Shukrani. Waingereza wapata 100 walifika Plymouth mwaka 1620, na karibu nusu yao wakafa kabla baridi haijaisha. Wenyeji Wawampanoag waliwafundisha kulima mahindi. Walipovuna, mwaka 1621, wakala pamoja siku tatu, na wenyeji 90 wakaleta kulungu watano. Leo chakula kikuu ni bata mzinga. Lakini tangu mwaka 1970 wako wenyeji wanaokusanyika Plymouth siku hiyo kuomboleza, maana vizazi vya wageni wale waliwanyang'anya ardhi.

Na Noeli je? Wazee wa Massachusetts, Waprotestanti wakali, waliikataza kwa sheria mwaka 1659. Aliyeacha kazi au kufanya karamu siku hiyo alitozwa faini ya shilingi 5. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1681, na Noeli ikawa sikukuu ya serikali kuu mwaka 1870, wakati ambapo Wakatoliki kutoka Ireland na Ujerumani walikuwa wamekwisha jaa mijini na Noeli yao mikononi.