Kerezo Likitetemeka, Asilaumiwe Fundi

Ndugu wafanyakazi, kerezo la mbao likitetemeka, lawama humwangukia fundi. Sisi tunaokereza mbao karibu na Sonatubes, Kigali, mahali palipopata jina kutokana na kiwanda cha mabomba, tunasema: ichunguzwe mashine kwanza. Zimeni umeme, ondoeni mkanda, zungusheni shafti kwa mkono. Ikikwaruza au ikichezacheza, beringi zimekwisha. Ikizunguka vizuri, tazameni mkanda na mota.

Kerezo jipya nalo lipimwe hivyo hivyo: kiunzi kiwe kizito, na ncha mbili zinazoshika mbao zikabiliane sawasawa. Rangi inayong'aa haizuii mbao kumrukia mtu usoni. Kwa hiyo tunadai: mashine isinunuliwe kabla mkerezaji hajaulizwa. Uso ulio hatarini ni wake.