Maziwa ya Chernobyl: Ukweli Usemwe Mapema

Neno "mionzi" huwatia watu hofu, hasa linapotajwa pamoja na nyuklia. Wako wasemao kwamba kila akaaye karibu na kituo cha umeme wa nyuklia lazima apate kansa. Wako pia wasemao kwamba hakuna hatari yoyote, ni maneno ya watu wasiosoma. Sisi wauguzi tunaona pande zote mbili zimekosea. Tena zinasahau swali lililo kubwa zaidi: wananchi huambiwa ukweli lini, na nani huwaambia?

Mionzi ni nini? Ni nguvu isiyoonekana kwa macho, isiyo na harufu wala ladha. Kila mmoja wetu hupata kidogo kila siku kutoka ardhini, angani na hata katika chakula. Wastani wa dunia ni kama milisiveti 2.4 kwa mtu kwa mwaka. Picha moja ya kifua hospitalini ni sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Lakini mionzi ikiwa mingi mno kwa muda mfupi, huua seli za mwili: mgonjwa hutapika, ngozi huungua, damu hupungua, na anaweza kufa baada ya siku au wiki chache. Ikiwa ni kidogo kuliko hapo, yaweza kuiharibu seli bila kuiua, na kansa ikatokea baada ya miaka mingi.

Tuangalie yaliyotokea Chernobyl, nchini Ukraine, wakati huo sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 1986, kinu namba 4 kililipuka. Watumishi wa kituo na wazima moto 134 waliugua ugonjwa mkali wa mionzi, na 28 kati yao walikufa mwaka huohuo. Mji wa Pripyat, wenye watu wapatao 49,000, ulikuwa umbali wa kilomita 3 hivi tu. Hata hivyo watu wake hawakuhamishwa mpaka tarehe 27 mchana. Siku nzima ya Jumamosi watoto walitoka nje kama kawaida. Dunia ilipata habari tarehe 28, baada ya vipimo vya kituo cha Forsmark, Sweden, kuonyesha mionzi iliyoletwa na upepo.

Madhara makubwa kwa watoto yalipitia kitu ambacho kila mama hukiona chema, yaani maziwa. Madini joto yenye mionzi yalianguka juu ya majani. Ng'ombe wakala majani, watoto wakanywa maziwa. Tezi ya shingo huhitaji madini joto, nayo haiwezi kuchagua yaliyo salama na yenye mionzi. Sehemu nyingi za huko zilikuwa na upungufu wa madini joto, kwa hiyo tezi za watoto ziliyanyonya haraka, kama ardhi kavu inyonyavyo maji. Hadi mwaka 2005, zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana mwaka ule, huko Belarus, Ukraine na sehemu za Urusi, walikuwa wameonekana na kansa ya tezi. Sehemu kubwa ilitokana na maziwa hayo. Wengi walitibiwa wakapona. Waliokufa kufikia mwaka huo walikuwa 15.

Linalotuuma ni hili: madini joto hayo yenye mionzi hupungua nusu kila baada ya siku 8. Kama mama wangeambiwa mapema wayaache maziwa mabichi kwa wiki kadhaa, watoto wengi wangenusurika. Poland haikungoja. Kuanzia tarehe 29 Aprili iligawa dawa ya madini joto, na watoto zaidi ya milioni 10 wakapata.

Fukushima, Japani, ilitufundisha upande mwingine. Baada ya ajali ya Machi 2011, maziwa na mboga vilipimwa na kuzuiwa katika siku chache, na hakuna aliyekufa kwa ugonjwa mkali wa mionzi. Lakini wagonjwa na wazee walihamishwa kwa haraka bila uangalizi wa kutosha, na zaidi ya 50 wakafa. Kumbe hata hofu huua isipopangiwa utaratibu.

Na vituo visivyopata ajali? Uchunguzi wa Ujerumani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watoto chini ya miaka 5 waliokaa ndani ya kilomita 5 za vituo 16 walipata kansa ya damu karibu mara mbili kuliko wengine. Lakini mionzi iliyopimwa hapo ilikuwa kidogo mno kuweza kueleza jambo hilo, na sababu yake haijapatikana. Mzazi ana haki ya kuambiwa yote mawili.

Jambo hili si la mbali tena. Kenya imekuwa na mpango wa kujenga kituo cha nyuklia, na mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kuupinga. Maoni yetu ni kwamba wananchi wanaouliza maswali wasiitwe wajinga. Kabla jiwe la kwanza halijawekwa popote, pawe na daftari la kansa la wilaya za jirani, ili baadaye tuweze kulinganisha. Vipimo vya mionzi visomwe hadharani. Vidonge viwekwe karibu na watu, si mji mkuu. Tena uwepo mpango wa kuwahamisha wagonjwa, wazee na wajawazito, pamoja na wauguzi wao.

Nyumbani, tumieni chumvi yenye madini joto: huzuia rovu na kuipa tezi afya, ingawa si dawa ya ajali ya nyuklia. Dawa ya kidonda yenye iodini isinywewe kamwe. Daktari akiagiza picha ya eksirei, msiikatae kwa hofu. Bali mama mwenye mimba aseme kabla ya kupigwa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Chernobyl walioficha walikuwa wakubwa, na walioumbuliwa walikuwa watoto.