Vazi la Marehemu

Katika michezo ya televisheni ya Wachina isimuliayo mambo ya jumba la makaisari huko Beijing, ni mara chache upanga kuchomolewa. Vita hupiganwa kwa mavazi, vipuli na chetezo. Zamani za ukoo wa Qing malkia alikuwa mmoja, na chini yake mabibi wa daraja mbalimbali, kila daraja na mavazi yake. Aingiaye ukumbini hujulikana cheo chake kabla hajafumbua kinywa. Hata vidoleni mabibi wakuu huvaa vifuniko virefu vya kucha, vya dhahabu: ndiyo kusema, mikono hii haigusi kazi.

Utazameni mchezo wa Zhen Huan, uliotolewa mwaka 2011, wenye sehemu 76, uelezao zama za Kaisari Yongzheng (1722-1735). Siku ya kupandishwa cheo, Zhen Huan alikuta vazi lake la sherehe limeharibika. Akaletewa jingine, zuri ajabu, akalivaa. Kumbe, lilikuwa la mke wa kwanza wa kaisari, marehemu ambaye mumewe hakuacha kumlilia! Kaisari alipomwona, kwanza macho yake yalilainika; kisha akaghadhibika mno, akaamuru afungiwe nyumbani mwake. Aliyetega mtego huo ni Malkia, ndugu wa baba mmoja wa huyo marehemu. Hakutukana, hakuinua mkono. Alitumia nguo ya dada yake. Tena jeraha kubwa halikuwa kile kifungo. Zhen Huan alitambua kwamba tangu mwanzo alipendwa kwa kufanana na mwingine.

Kwangu mimi, habari ya Bibi Hua ni chungu zaidi. Kaisari alimpa ubani wa pekee, usiofukizwa na mwingine yeyote, naye akaufukiza miaka mingi kama alama ya mapendo. Ndani yake ilitiwa miski, ili asichukue mimba. Kwani kaka yake, Nian Gengyao, alikuwa jemadari mwenye nguvu, na kaisari alimwogopa mtoto wa ukoo huo. (Historia yenyewe yasema vingine: bibi wa ukoo wa Nian alimzalia Yongzheng watoto wanne, wote wakafa wadogo.) Angewezaje kukataa? Zawadi ya kaisari hupokewa kwa magoti. Aliyemfumbulia siri hiyo ni Zhen Huan, alipomzuru katika chumba alimofungwa, amekwisha kuvuliwa cheo na vito.