Usimuuzie usalama mtu asiye na siri

Wadau, kuna vijana wanauza programu ya ofisi kufanyia kazi mafaili pamoja mtandaoni, kwa usalama, halafu wanazunguka nayo Kariakoo duka kwa duka. Mimi nilifanya hivyohivyo miezi minne. Mwenye duka la vitenge anakusikiliza vizuri, anakupa na soda, halafu anakwambia, "Mdogo wangu, mbona WhatsApp ni bure?" Na yuko sahihi! Picha ya kitenge ikivuja anapoteza nini? Si ndo anatangazwa.

Nikakimbilia benki. Huko ni barua, vikao, ukaguzi, na wana watu wao wa kompyuta. Mtaji ukaisha nikisubiri majibu.

Kwa maoni yangu mteja yuko katikati: ofisi ndogo inayotunza siri za watu wengine. Wakili mwenye makarani wawili. Mhasibu anayefunga hesabu za wafanyabiashara kumi. SACCOS. Zahanati ambayo majibu ya vipimo yanapita kwenye simu binafsi ya nesi. Hawa hawana fundi wa ndani, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu.

Ukifika usianze na maneno ya kitaalamu, utamchosha. Muulize tu: "Karani wako akiacha kazi leo, yale mafaili ya wateja kwenye simu yake unayatoaje?" Halafu nyamaza. Wakili wa kwanza niliyemuuliza hivyo alifunga mlango kwanza, ndo akanijibu.